Mlango wa Kaskazini

Saa moja na robo, Cleveland, theluji imegeuka tope,
foleni imefika hadi kwenye sanduku la posta.
Vua mkanda. Toa funguo. Simu kwenye trei.
Miaka kumi na mmoja nimeyasema haya,
mpaka usingizini, mume wangu anaapa,
humwamuru avue mkanda.

Glavu ni za buluu. Zikiisha saizi yetu
tunaletewa za wanaume,
vidole vyangu vinapwaya ndani yake
kama mtoto aliyevaa viatu vya baba.

Ninachokijua kuhusu watoto hawa nimekijua kwa mikono.
Najua Thaddeus ameacha kula: mkate wa Jumatatu
umo bado Alhamisi, umeota kuvu.
Najua Wendeline huandika barua asizozituma.
Najua nani analala garini: mswaki ndani ya soksi,
soksi ndani ya kofia.
Hakuna aliyeniambia. Mifuko ndiyo isemayo;
mfuko haujafunzwa kunyamaza.

Mwaka jana bodi ikakaa, ikaamua:
mabegi yote yawe ya plastiki angavu,
unaona hadi upande wa pili.
"Asiye na la kuficha ataogopa nini?" akasema mkuu,
ambaye mkoba wake wa ngozi huingia kwa mlango wa kusini,
mlango usio na kengele.
Siku ya tatu wasichana wote wa darasa la tisa
walikuwa na kitabu cha jiometri
kinene kuliko kilivyochapwa.
Nikafungua kimoja. Pedi, kwenye ukurasa wa pembetatu.
Nikakifunga. Nikasema, "Soma kwa bidii."
Ximena akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba.

Kisha Februari, Yaritza. Mashine ikalia.
Chini ya daftari, ndani ya leso ya karatasi:
kisu cha kupakia siagi, butu kama kijiko,
karanga ya kusaga imekaukia kwenye bapa.
"Nilikuwa namlisha mdogo wangu kwenye basi," akasema.
"Mama yuko zamu ya usiku. Nimesahau kukitoa."
Kitabu cha kanuni, ukurasa wa nne, hakina neno karanga.
Kina neno kisu, na kina kumi: siku za kukaa nyumbani.
Nyuma yake foleni ikanyamaza, kimya kile
cha watu wanaopima mimi ni nani.
Juu yangu kamera, jicho lisilopepesa.

Natamani kusema nilikitia mfukoni mwangu.
Nimesimulia hivyo mara mbili, kanisani na kwa dada yangu,
na mara zote mbili nimesifiwa.
Lakini niliandika.
Jina. Saa. Urefu wa bapa, inchi nne na nusu.
Kalamu iligoma kwa baridi, nikaipulizia,
nikaandika tena.

Mwanangu Corwin anasoma ng'ambo ya mto.
Huko nako kuna mlango, kuna trei, kuna mwanamke
nisiyemjua, amevaa glavu za buluu.
Kila asubuhi yeye humgusa mwanangu mbavuni
kabla yangu; mimi hutoka nyumbani akiwa bado amelala,
nikamfunga mlango polepole asiamke.
Sijui jina la mwanamke huyo. Sijui kama huandika.
Namwombea glavu za saizi yake.

Yaritza alirudi siku ya kumi na moja.
Alivua mkanda kabla sijatamka.
Akafungua begi, akaligeuza, akalikung'uta lote mezani,
mpaka chembe za mkate, mpaka unga wa penseli,
kisha akanitazama, mikono juu,
ilhali hakuna aliyemwambia ainyanyue.
Hapakuwa na kitu.
Nyuma yake walikuwa mia mbili na zaidi, na kengele ilikaribia.
Hapakuwa na kitu, nami nilikuwa nimekwisha kuona,
nikapitisha mkono hata hivyo.